Mishono ya Pasaka

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu wa kwingine. Kwetu Tregarth mambo yalikuwa kinyume. Aliyeficha maradhi alizikwa kwa heshima na majirani wakaleta keki. Aliyeyaonyesha ndiye aliyeumbuliwa, mchana kweupe, mbele ya darasa zima.

Yalianza mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya kutawazwa kwa mfalme mpya. Kabla vikombe havijapata ufa, serikali ikatuletea kitu kingine ambacho hatukukiomba: nesi wa shule. Aliitwa Isobel Rattray, mwanamke mrefu mkavu, aliyeshuka kwenye gari moshi na mkoba mweusi, kofia ameibana kichwani kama mtu aliyeonywa kuhusu kimbunga. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule za pwani hii ya kaskazini ya Tasmania akikagua vichwa, meno, macho na makoo. Aliwapanga watoto mstari karibu na dirisha, akamwita mmoja mmoja, akapekua nywele kwa vijiti viwili. Aliyekutwa na kasoro alirudi nyumbani na kadi. Kadi ilitiwa ndani ya bahasha ili kutunza siri, lakini asiye na kasoro hakupewa bahasha, kwa hiyo siri yenyewe ndiyo iliyotangaza. Kufikia jioni mji mzima ulijua nani ana chawa, nani meno yameoza, na nani hulala mdomo wazi kwa ajili ya mafindofindo.

"Wa kwa Tilda Hocking wamepewa kadi," wanawake waliambiana dukani.

"Wote?"

"Wote. Na paka angekwenda shule, naye angepewa."

Keziah Trembath alicheka pamoja nao, tena kwa sauti, kwa sababu hakuwa na la kuogopa. Mumewe, Hender, alipasua magogo kwenye kiwanda cha mbao. Yeye mwenyewe alifua, alipika, alipiga deki, na alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, Loveday, ambaye kichwa chake ungeweza kukitumia kama sahani. Binti huyo alikuwa wa pili kuzaliwa na wa pekee aliyebaki. Wa kwanza, Jory, alikuwa makaburini nyuma ya kanisa la Wamethodisti, na aliyempeleka huko, kwa hesabu ya Keziah, ni mshono uliofunguliwa kabla ya wakati.

Mishono hiyo kila mama wa Tregarth aliishona. Pasaka ikishapita na upepo wa kusini ukaanza kuuma, mama aliyeyusha mafuta ya ndege-kondoo, wale ndege wanono wanaochinjwa visiwani, akayachanganya na kafuri, akampaka mwanawe kifuani na mgongoni mpaka ngozi ing'ae. Kisha akamzungushia flaneli nyekundu kuanzia makwapani hadi kiunoni, akaishona mwilini, uzi umekunjwa mara mbili. Flaneli haikutoka tena mpaka siku ya maonyesho ya kilimo, mwezi wa Oktoba. Mtoto alioshwa juu yake na chini yake. Darasa wakati wa baridi lilinuka kama tumbo la meli ya samaki, na hakuna aliyesikia harufu, kwa sababu sote tulikuwa ndani yake.

Jory alifungua yake mwezi wa Septemba. Siku moja jua lilitoka, wavulana wakaenda kuoga mtoni, naye akaomba kisu cha mwenzake akakata uzi. Kabla ya maonyesho alikuwa amezikwa. Daktari alitaja ugonjwa fulani wa mapafu. Keziah alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni akimweleza njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe.

Siku aliyokaguliwa Loveday, nesi hakukuta kitu. Nywele safi, meno safi, koo safi. Alikuwa ameshafungua mdomo amwite mwingine penseli yake ilipomponyoka. Loveday, mtoto mwenye adabu, akaiokota.

Nesi akaidondosha tena.

Kesho yake mchana Keziah alikuwa uani akianika mashuka alipoiona ile kofia ikipanda kilima.

"Wewe ndiye Mama Loveday?" nesi aliuliza, akihema.

"Inategemea. Kama unatafuta chawa, umepotea nyumba. Wako kule, mlango wa bluu."

"Kichwa cha Loveday ni kisafi kuliko changu."

"Najua. Nimekiona chako sasa hivi." Keziah alibana shuka. "Haya, kilichokuleta?"

"Mgongo wake. Nataka kuuona."

"Umeshonewa."

"Nimeuona mshono. Ndiyo maana nimekuja kuomba ruhusa niufungue."

"Utafunguliwa Oktoba, siku ya maonyesho. Karibu siku hiyo, kutakuwa na mashindano ya kukata magogo."

"Oktoba ni mbali, mama."

"Kalenda siitungi mimi."

Nesi aliweka mkoba chini. Alikuwa na namna ya kunyamaza iliyomfanya mtu ahisi anasomwa. "Nikuulize jambo dogo. Loveday akiokota kitu sakafuni, huokotaje?"

Hapo Keziah alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kweli, la kwanza kumpa mgeni yule. Maana kwetu kila mama mwenye binti alimtembeza jikoni na kitabu cha tenzi kichwani ili ajifunze kusimama wima, na mabinti waliangusha kitabu na kujikwaa kama mbuzi waliofungwa miguu. Msichana aliyeinama huku makalio yameelekea juu alichekwa mpaka siku ya harusi yake.

"Kumbe umeona hata wewe!" alisema. "Sikumfundisha, Mungu shahidi. Limemjia lenyewe. Anashuka hivi, polepole, mgongo umenyooka kama mlingoti, anaokota kibanio kama binti wa gavana anayeokota kipepeo. Nimewaonyesha wanawake wa kanisani. Tilda Hocking alinuna wiki nzima."

Nesi hakutabasamu. "Limemjia tangu lini?"

"Tangu kiangazi kinaisha."

"Na akishuka, hushika paja kwa mkono?"

"Hushika."

"Na kupanda, hujipandia mguu wake mwenyewe, kama anayepanda ngazi?"

Keziah alichukua kibanio kingine mfukoni mwa aproni. "Kwani kuna ubaya gani?"

"Akilala, hulia usingizini?"

"Watoto huota."

"Hulia, mama?"

Keziah alivuta shuka lililobaki kwenye kamba mpaka likawa katikati yao, na nesi akabaki kivuli na kofia. "Umezaa wangapi, binti?" aliuliza kutoka upande wake.

"Sijazaa."

"Basi. Mimi nimezaa wawili, nikazika mmoja kwa sababu uzi ulikatwa kabla ya wakati wake. Mlango wa bluu, nimekwambia. Siku njema."

Kivuli kilisimama kidogo. Kisha kiliinama, mgongo ukapinda kama upinde, kikachukua mkoba, kikashuka kilima.

Sheria ya kazi ile ilikuwa wazi, na nesi aliijua: asimvue mtoto nguo bila idhini ya mzazi. Kesho yake alimwita Loveday nyuma ya ubao wa ramani, palipokuwa karibu na moto, akatoa mkasi. Darasa zima lilisikia uzi ukikatwa, mshono mmoja baada ya mwingine. Wavulana waliacha kuandika. Kuna binti mmoja aliyeanza kulia, akiamini kwamba mwenzake anauawa.

Loveday alirudi nyumbani amezungushiwa shali ya kijivu ya nesi, flaneli ameikunja kwapani kama gazeti. Keziah alikuwa akikanda unga wa pasti, yale maandazi ya kujazwa nyama na viazi. Hakunawa. Alimshika mtoto mkono, akashuka naye kilima, akapita dukani bila kuitika salamu, akaingia darasani watoto wakiwa wanaimba jedwali la saba.

Alimpiga nesi kofi moja, na alama ya unga ikabaki shavuni, vidole vyote vimechorwa.

"Mama Trembath!" mwalimu mkuu, Bwana Crisp, aliita. "Bi Trembath, tafadhali, mbele ya watoto!"

"Alimvua mbele ya nani? Mbele ya malaika?"

Nesi aliisawazisha kofia. Hakujifuta unga. "Weka mkono wako mgongoni kwake," alisema. "Katikati ya mabega, kisha ushuke kidogo. Weka tu."

"Nitauweka kwenye shavu la pili, ukitaka."

"Ukiuweka mgongoni kwanza, la pili nitakupa mwenyewe."

Keziah aliivua ile shali, akaibwaga juu ya meza, akamvika mtoto koti lake mwenyewe, akaondoka. Nyuma yake Bwana Crisp aliwaamuru watoto waendelee, nao wakaendelea na saba mara nane kwa sauti ya mazishi.

Nyumbani aliyeyusha mafuta upya. Alimpaka kifuani akimtazama. Mgongoni alimpaka akitazama dirisha. Mkono ulishuka kutoka shingoni, ukapita mahali fulani pakawa na kitu, kidogo, kigumu, kama kifundo cha kidole kilichokunjwa chini ya ngozi. Mkono haukusimama. Haukurudi tena pale pia. Mtoto mwembamba ana mifupa, Keziah alijiambia, mifupa ingejificha wapi? Akashona. Safari hii alikunja uzi mara nne.

"Mama, unabana," Loveday alisema.

"Unabana ili baridi isipite."

"Nesi alisema..."

"Nesi hana mtoto."

Mji ulimwunga mkono Keziah kama ambavyo haujawahi kumwunga mkono mtu. Kila nyumba iliyokuwa na kadi ndani ya kabati ilipata mahali pa kuitua. Aliyetangulia mbele ya wote ni Tilda Hocking yule yule.

"Shoga, mimi nilinyamaza alipowaita wanangu wachafu," alisema, amekaa jikoni kwa Keziah na kikombe cha chai. "Lakini kukata flaneli? Mwezi wa Juni? Huyo ni mwuaji mwenye mkoba."

"Anasema kuna kitu mgongoni."

"Kama kipo, kakitia yeye. Baridi imeingia kwenye ule uwazi wa mkasi, ikaganda hapo. Bibi yangu alikuwa na jambo kama hilo kwenye goti."

"Likaisha?"

"Goti? Lilikwisha, ndiyo. Alipokufa."

Keziah alicheka, kisha akaacha kucheka, akasogeza birika bila sababu.

Siku ya ukaguzi iliyofuata, akina mama walibaki na watoto wao nyumbani. Nesi aliingia darasani akamkuta mtoto wa mwalimu mkuu peke yake, akamkagua, akampata na chawa, akampa kadi. Jambo hilo lilitufurahisha sana. Halikumfurahisha Bwana Crisp, naye akamwendea Bwana Pybus, mwenye duka na mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu aliyependa amani kwa sababu watu wenye ugomvi hununua kidogo. Bwana Pybus aliamua. Ijumaa baada ya masomo nesi ataomba radhi, shuleni, mbele ya akina mama wote. Asipoomba, kamati itaiambia serikali kwamba Tregarth haimtaki, na atafutiwe kazi kwingine au asitafutiwe.

Tilda ndiye aliyeleta habari, akikimbia. "Ataomba radhi, Kezi! Mbele yetu sote! Nimeshapiga pasi kofia yangu."

Keziah alishukuru. Usimdhanie vibaya: hakuitaka radhi ile kwa ajili ya heshima. Heshima alikuwa nayo ya kutosha, na kofi lilikuwa limeshailipa iliyopungua. Alichotaka ni kidogo zaidi na kikubwa zaidi. Kama nesi angesema mbele ya watu, "Nilikosea," basi alikosea. Alikosea kukata, alikosea kutilia shaka, alikosea kuuliza maswali yale penye kamba ya nguo. Kile kifundo kingekuwa mfupa wa mtoto mwembamba, na vile vilio vya usingizini vingekuwa ndoto. Neno moja la mwanamke yule lingempa Loveday mgongo mzima. Siku zile tatu kabla ya Ijumaa, Keziah aliingoja radhi kama wengine wanavyongoja daktari.

Ijumaa ilinyesha. Akina mama waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na videvu, kofia zimelowa. Keziah aliketi mbele na Loveday pembeni yake, amekaa wima kuliko mtu yeyote chumbani. Bwana Pybus alisimama karibu na moto, mikono nyuma. Nesi alisimama peke yake kando ya ramani, kofia ileile.

"Mama zangu," Bwana Pybus alianza, "sisi sote hapa ni watu wa mji mmoja. Nesi amekuja kufanya kazi njema. Palitokea, tuseme, haraka kidogo. Mkasi ulitangulia mdomo." Alingoja wacheke. Wawili walicheka, walikuwa na madeni dukani. "Basi nesi atasema neno lake, sisi tutalipokea, na Jumatatu watoto watarudi. Nesi, karibu. Neno dogo tu."

"Nimwombe radhi kwa lipi?" nesi aliuliza.

"Kwa mkasi, binti yangu. Kwa mkasi."

"Hapana."

Mvua ilisikika juu ya bati.

"Hukunielewa," Bwana Pybus alisema kwa upole wa kupima sukari.

"Nimekuelewa. Nilivunja sheria ya kazi yangu, na wakubwa wangu wakitaka kuniadhibu, waniadhibu. Lakini nikisimama hapa niseme nimekosea, mama huyu atamrudisha mtoto nyumbani na kumwacha kwenye flaneli mpaka Oktoba. Mfupa wa mgongo wa mtoto huyu unaliwa, Bwana Pybus. Ni kifua kikuu, kimeingia kwenye uti. Kufikia Oktoba atakuwa na kibyongo. Baada ya hapo huenda miguu ikakataa kumbeba. Ama atakufa."

"Mshenzi wee!" Tilda Hocking aliruka, na dawati likaruka naye kwa sababu magoti yalikuwa yamenasa. "Anamtabiria mtoto kifo mbele ya mama yake! Wewe umemtia hiyo baridi!"

"Mwambie, Tilda!"

"Rudi kwenu Hobart, kwa serikali yako!"

"Mimi si wa Hobart," nesi alisema. "Ni wa Zeehan, kule machimboni. Nami nilishonewa flaneli kila Pasaka mpaka nilipoanza kazi."

Hilo hakuna aliyelitegemea.

Bwana Pybus alimsogelea. Aliishusha sauti, lakini chumba kile kilijengwa kwa ajili ya kusikia watoto wakinong'ona. "Sema tu neno, binti. Habari za mtoto tutaziongea baadaye, polepole, mimi na mumewe. Unajua kamati itafanya nini usiposema?"

"Najua."

"Utapoteza kazi."

"Basi nipoteze. Siwezi kumwomba radhi mtu kwa kuona mgongo wa mwanawe. Ningekuwa nao hapa tena leo, na mkasi huu, ningekata tena."

Keziah alikuwa akimtazama shavu. Alama ya unga ilikuwa imeondoka siku nyingi, lakini yeye aliiona. Mwanamke asiye na mume wala mtoto, anayekula kwa kazi ile tu, amepewa njia ya kutoka yenye upana wa neno moja, na amekataa. Mtu hapotezi chakula chake kwa ajili ya mfupa wa mtoto mwembamba. Keziah alikuwa amekuja kuchukua kitu, na sasa alielewa kwamba kitu hicho hakikuwapo, na hakikuwahi kuwapo.

Aliingiza mkono mfukoni mwa aproni. Alikuta kibanio cha nguo. Akakitupa sakafuni, katikati ya chumba.

"Loveday. Okota."

Mtoto aliondoka kwenye dawati. Akashuka polepole, magoti yakikunjika, mgongo mlingoti, mkono mmoja pajani.

"Tazama adabu hiyo," mama mmoja alinong'ona nyuma. "Masikini, na wanamwita mgonjwa."

"Kirudishe chini," Keziah alisema. "Sasa okota kama alivyokuwa akiokota Jory. Vibaya. Inama tu, kama mbuzi."

Loveday alikitazama kibanio. Akamtazama mama yake.

"Siwezi, mama."

"Jaribu."

"Inauma."

"Tangu lini inauma?"

"Tangu kabla hujanishonea."

"Kabla ya Pasaka?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

Mtoto alifikiri, kwa sababu alizoezwa kujibu maswali ya wakubwa kwa ukweli. "Ulinisifu," alisema.

Tilda Hocking, ambaye kwa miezi yote ile aliwapiga wanawe kumbo ili waokote vitu sakafuni kama Loveday, alikaa chini.

Keziah alimgeukia nesi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuulizia bei ya sabuni. "Kule hospitali ya Launceston watamfanya nini?"

"Watamlaza chali, kwenye fremu, asiinuke. Miezi mingi. Pengine mwaka, pengine zaidi. Baadaye watamvika koti la plasta."

"Atapona?"

"Sijui. Ukiwahiwa, mgongo huweza kubaki wima. Sikuahidi kitu."

"Watamfungua flaneli?"

"Ndiyo."

"Hawataifungua wao." Keziah alinyoosha mkono. "Lete mkasi."

Nesi aliutoa mfukoni, akampa upande wa kushikia.

"Wanaume, geukeni," Keziah alisema.

Bwana Crisp aligeukia dirisha. Bwana Pybus, ambaye hakuwa amezoea kuamriwa, aligeukia ramani, akajikuta pua yake imekaribia sana Bara Hindi. Keziah alimvua mtoto gauni mabegani, akatafuta mwanzo wa mshono. Uzi uliokunjwa mara nne hauna haraka. Alikata mmoja, akakata mwingine. Akina mama waliokuwa nyuma wakaanza kusogea, kisha wakasimama, kila mmoja akijua kazi ile kwa vidole vyake, ila hajawahi kuifanya mwezi wa Juni. Flaneli ilidondoka. Keziah aliweka mkono mgongoni, katikati ya mabega, akashusha kidogo. Sasa aliutazama mkono wake.

Kifundo kilikuwa kimekua.

Hakulia. Aliuacha mkono pale kwa muda, kisha akamfunika mtoto kwa shali ya kijivu, ambayo nesi alikuwa ameivua bila kuombwa.

"Gari moshi la kesho asubuhi," nesi alisema. "Nitakwenda naye."

"Mimi nitakwenda naye. Wewe utatuonyesha mlango." Keziah alimrudishia mkasi. "Na chakula nitakachofunga ni cha watu watatu, usije ukajinunulia uchafu wa stesheni."

"Unaweka karoti kwenye pasti?"

"Nani anaweka karoti kwenye pasti?"

"Nauliza tu."

Bwana Pybus alikohoa kuelekea Bara Hindi. Mkutano ulikuwa wake, na ulikuwa umemponyoka mbele ya wateja. Alihisi kwamba mtu fulani lazima aombe radhi kabla ya watu kwenda nyumbani, la sivyo amewaita kwenye mvua bure.

"Bi Trembath," alisema, bado akiwa amegeuka, "kwa kuwa sasa imebainika kwamba nesi alikuwa, tuseme, na sababu, basi liko suala la lile kofi. Ulimpiga mtumishi wa serikali, darasani, watoto wakishuhudia. Nadhani sote tungefarijika ukisema neno. Neno dogo tu."

Akina mama walimtazama Keziah. Nesi alikuwa akifunga mkoba wake, wala hakuinua kichwa.

"Alimvua mwanangu bila ruhusa yangu," Keziah alisema. "Alifanya vyema, na nilimpiga, na kofi lilikuwa lake. Akimvua tena bila kuniuliza, nitampiga tena. Unaweza kugeuka sasa, Bwana Pybus, mtoto amevaa. Radhi siombi."